Mtini Uliokataa Kulala

Kila Jumamosi, kabla ukungu haujatoka juu ya Butembo, Vagheni alikuwa amekwisha kufika mlimani. Mgongoni alibeba kikapu cha mbolea ya mbuzi. Kamba ya kikapu ilipita kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwetu walivyobeba tangu zamani. Alipanda bila kusimama njiani. Akifika shambani alitua mzigo, akatemea mikono mate, akashika jembe.

Alichimba kuzunguka mtini mmoja. Akamwaga mbolea. Akafunika. Kisha akahamia mwingine.

Mitini yake ilikuwa mizuri kwa macho. Majani yalikuwa mapana kama sahani za harusi. Yalikuwa ya kijani mwaka mzima, mvua na jua. Mtu aliyepita barabarani kule chini alisema, "Huyu mama ana shamba." Lakini tini hazikuwapo. Vilikuwa vikitokea vitu vidogo kama punje za maharagwe. Vilikaa kidogo, vikageuka manjano, vikaanguka. Miaka ilipita hivyo.

Ni nani aliyemwambia Vagheni achimbe na kutia mbolea? Mlima mzima ungejibu kwa sauti moja: Injili. Kila Kwaresima katekista Abdias alisoma habari ya mtu aliyekuwa na mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba akamwomba: uache mwaka huu tena, niuchimbie, niutie mbolea. Watu walijua maneno hayo kwa moyo. Basi Vagheni alichimba na kutia mbolea, na mitini ikazidi kutoa majani.

"Injili haikosei," Abdias alimwambia. "Ni mbolea haijatosha, Mama Jemima. Ongeza."

Akaongeza. Majani nayo yakaongezeka.

Asubuhi moja ya Januari alikuta watu shambani kwake. Walikuwa vijana wawili wenye kamba ndefu. Nyuma yao alisimama Lusenge, mwenye viatu visivyo na tope. Lusenge alikuwa kaka mkubwa wa Siméon, mume wa Vagheni. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Shamba lilikuwa la Siméon kwa kulima, lakini udongo ulikuwa wa ukoo, na neno la ukoo lilikuwa kinywani mwa Lusenge.

"Wavukire, Mama Jemima," Lusenge akasalimu.

"Wavukire, shemeki. Hiyo kamba ni ya nini?"

"Ya kupima. Mvua ikirudi, nitapanda eucalyptus hapa, miti ya mbao."

"Hapa kuna mitini."

"Minaona majani. Mitini sijaona. Mutini ni kitu ya kukula. Hii yako ni salade."

Vijana wakacheka. Vagheni alishusha kikapu polepole.

"Na eucalyptus banakula?"

"Banakula bei yake."

"Na maji? Kulikuwa na chemchemi chini ya shamba ya Kasika. Ulipanda eucalyptus juu yake. Leo Kasika anachota maji wapi?"

Lusenge alianza kukunja kamba, ingawa kazi ya kupima ilikuwa haijaisha.

Wakubwa wetu wana ugonjwa mmoja. Wakiona mti hauzai, hawaulizi sababu. Wanauliza msumeno uko wapi. Na Vagheni alikuwa mtu wa kukumbuka. Babu yake aliamriwa na Wabelgiji kupanda kwinini. Alipanda, wakamnunulia kwa bei waliyoitaka wao. Baba yake aliambiwa kahawa ni mali. Kule Beni kahawa ikaugua, ikanyauka tawi kwa tawi, na waliomwambia apande hawakuja hata kumpa pole. Kila mara ilikuwa hivyo. Mkubwa anafika na kamba, anapima, anaondoka. Anayebaki na udongo ni mwenye jembe.

"Shemeki," akasema, na sasa alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "ule mwenye shamba wa Injili alipewa ombi la mwaka mmoja. Weye uko mukristu, ao hapana?"

Watu waliokuwa wanapita walisimama. Abdias alikuwa kati yao. Lusenge aliwatazama, akajua wanamsubiri.

"Mwaka hapana," akasema. "Nitakupa mpaka Assomption, kumi na tano ya Agosti. Nikiona tini hapa siku ile, nitanyamaza. Nisipoona, kesho yake minakuya na msumeno ya moteur."

"Watu wamesikia."

"Basikie tu. Majani haigeukake tini kwa maneno."

Siméon, aliyepanda nyuma ya mke wake, alikuwa pale muda wote. Alishika mpini wa jembe lake, akatazama udongo kama aliyeangusha sindano.

Nyumbani, mbele ya sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, Vagheni alimwuliza, "Juu ya nini ulinyamaza?"

"Ni mukubwa wangu."

"Na mimi niko nani?"

Siméon alikula bila kuinua macho. Binti yao Jemima alijifanya anatafuta chumvi.

Jumatatu Vagheni alishuka mjini, kwenye bureau ya kilimo. Agronome, mtaalamu wa kilimo pale, alikuwa mwanamke, Madame Simone, mzaliwa wa Kikwit, mbali sana kwenye magharibi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Beni kabla ya kuhamishiwa Butembo. Alikula mshahara wa serikali, miezi ile ulipofika.

Vagheni hakukalia kiti alichoonyeshwa.

"Ninyi mulituambia tupande kwinini," alianza. "Mukatuambia kahawa. Kisha mukatuambia papai, tukate ngozi yake, tukinge maziwa, tuuze. Sasa banataka eucalyptus. Mimi nakuja kuuliza kitu kimoja tu, na usinidanganye. Mutini wangu haizalake juu ya nini?"

"Mama, ile kwinini sikuwa mimi. Nilikuwa sijazaliwa."

"Lakini uko kwa kiti yao."

Simone alicheka, akafunga faili yake. "Ni kweli. Niko kwa kiti yao. Basi niinuke. Twende tuone huo mutini."

Walipanda pamoja. Simone alikuwa mwanamke mnene, na mlima wa Butembo hauna huruma, lakini hakulalamika. Shambani alivunja jani moja. Maziwa meupe yakatoka. Alijipangusa haraka.

"Jihadhari na maziwa haya," akasema. "Yanachoma ngozi, zaidi jua likipiga." Kisha akageuza jani. Chini yake palikuwa na unga mwekundu kama kutu ya bati kuukuu. "Unaona? Huu ni ugonjwa. Unakaa kwa majani ya zamani, halafu unahamia mapya. Mama Jemima, mara ya mwisho miti hii ilikuwa bila majani ni lini?"

"Bila majani? Hapana hata siku moja. Iko na afya."

"Basi shida ni hiyo. Haijalala."

Vagheni alimtazama kama mtu anayetazama mlevi wa asubuhi.

"Sikia," Simone akasema, akakaa kwenye jiwe. "Kwao mutini kuna wakati wa baridi kali. Majani yote yanaanguka. Mti unabaki fimbo. Unalala, unapumzika, unaweka nguvu ndani. Baridi ikiisha unaamka na matawi mapya. Tini zinatoka hapo, kwa matawi mapya, pembeni ya kila jani. Huku kwetu hiyo baridi haiko. Ni mvua, jua kidogo, mvua tena. Hakuna anayeuambia mti ulale. Na wewe kila Jumamosi unauletea chakula. Mtoto ukimwekea sahani mbele yake usiku kucha, atalala saa ngapi?"

"Lakini Injili inasema mbolea."

"Ule mukulima wa Injili alikuwa shambani kwao. Kule baridi ilikuwa imeshafanya kazi yake. Alijua udongo wake. Wewe pia ujue wako."

Vagheni akakumbuka jambo.

"Na mutini wa masœurs, wale watawa wa kanisani? Karibu miti yangu yote imetoka kwa matawi ya ule. Hakuna mutu anautia mbolea, ni baraka tu ya sala yao. Unazaa mpaka batoto banarukia ukuta."

"Umepandwa wapi?"

"Kati ya ukuta na citerne ya maji."

"Kumbe mizizi imebanwa. Haina nafasi ya kukimbia. Matawi banakata?"

"Sœur Victoire anakata kila mwaka. Anakata kama mutu mwenye hasira."

"Basi ni ukuta na makasi ya sœur Victoire. Baraka iko, sikatai. Lakini baraka nayo inapenda makasi."

Hapo Vagheni alitaka kucheka, ila hakuwa tayari bado.

"Hiyo ya kulala uliona kwa macho, ao ni ya kitabu?"

"Kwanza ilikuwa ya kitabu, nikaicheka," Simone akajibu. "Halafu nikiwa Beni, kule Mavivi, papa mmoja muzee alikuwa na mutini mbele ya nyumba. Majani tu, kama wako. Siku moja mbuzi ya maaskari ikakata kamba. Ikakula majani yote, mpaka ncha za matawi. Ule papa alienda kambini kulia mti wake. Maaskari bakamwambia ashtaki mbuzi. Akarudi nyumbani, akauacha mti kama ulivyo. Mvua ikanyesha, macho mapya ya matawi ikatoka, na pembeni ya kila jani jipya, tini. Toka siku ile sicheki kitabu. Hata mbuzi sicheki."

"Kumbe unataka mimi niwe mbuzi."

"Nataka ufanye kazi ya mbuzi. Lakini kwa akili, na kwa wakati wake."

Sasa Vagheni alicheka.

Simone alimweleza wakati. Huku juu, kwenye ubaridi wa Butembo, tini inataka kama miezi mitano tangu kuchomoza mpaka kuiva. Kule Beni, kwenye joto, inakimbia zaidi. Tini ikiiva haipendi mvua. Inapasuka na kuchacha. Basi inafaa iive kwenye jua la Julai na Agosti. Ili iive wakati huo, mti uamke na mvua ya Machi. Ili uamke Machi, ulazwe sasa, kwenye jua hili la mwanzo wa mwaka.

"Mbolea simamisha leo," akasema. "Maji pia usimwagilie. Wacha udongo ukauke kidogo. Baada ya hapo tunavua majani."

Kisha alizunguka shamba, akasimama mbele ya mitini mitatu iliyokuwa mirefu kuliko mingine. Alikunja uso.

"Hii mitatu si ndugu ya ile. Ilitoka wapi?"

"Kwa tini kavu ya Dubai. Lusenge alituletea pakiti moja Noeli, akitoka kununua bidhaa kule. Nilipanda mbegu."

"Mama, mutini wa mbegu ni kama kucheza karata. Mingi inataka kidudu kimoja kama nyigu mudogo, kiingie ndani ya tini kabla haijaiva. Kile kidudu huku hakiko. Mti unaweza kukaa mpaka wajukuu wako wazeeke, hautazaa. Ule wa tawi unazaa kama mama yake, bila kidudu. Hii mitatu, kata."

Uso wa Vagheni ukakaza. "Niliambia Lusenge mbele ya watu, hapa hapana kukata."

"Ulimwambia hutakatiwa. Kukatiwa na kukata si kitu kimoja."

Vagheni alisimama muda mrefu akitazama ile miti mitatu. Aliibeba mbolea yake mgongoni miaka mingapi? Alichukua panga. Hakumpa Siméon, hakumpa mtu mwingine. Aliikata mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na jasho likamtoka.

Jumamosi iliyofuata kikapu chake kilipanda mlima bila mbolea. Kilibeba makasi ya miti aliyoazimwa na sœur Victoire, na mashati mawili ya zamani ya mikono mirefu. Yeye na Jemima walijifunga vitambaa mikononi kwa ajili ya maziwa. Siméon alikuja nyuma na jembe lake.

Walivua majani kwa mkono. Simone alikuwa amewaonyesha: shika kikonyo, sukuma chini polepole, usichane ganda. Majani yenye kutu hawakuyaacha chini. Waliyarundika pembeni wakayachoma. Kisha wakakata matawi. Kila tawi waliliacha fupi, lenye macho machache tu, na walikata juu kidogo ya jicho. Siméon alichimba mfereji kuzunguka kila mti, umbali wa mkono ulionyooshwa, akasimamisha ndani yake mawe ya mlimani, moja kando ya jingine.

"Ukuta wa masœurs," Jemima akasema.

"Sisi tunajenga wetu," akajibu mama yake.

Jioni mitini ilisimama uchi, vijiti tu, kama mikono ya watu waliozama. Watu walikusanyika barabarani. Mlima wote ulikuwa na la kusema.

"Mama Jemima," mwanamke mmoja aliita, "umemvua Adamu nguo zake. Sasa atavaa nini?"

"Avae eucalyptus."

Wakacheka, lakini wengine walitikisa kichwa. Abdias alisema kwa huzuni kwamba mtini usiozaa mmoja uliwahi kulaaniwa ukanyauka, na huenda ndio huu.

Kasika, jirani aliyepoteza chemchemi yake, hakucheka wala kutikisa kichwa. Alipanda mpaka shambani, akaangalia rundo la matawi yaliyokatwa.

"Haya unayatupa?"

"Hapana kutupa," Vagheni akasema. "Chagua yenye unene wa kidole gumba. Kata urefu wa kutoka kiwiko mpaka kiganja. Macho mawili yaingie udongoni, moja ao mawili yabaki nje. Weka kivuli kidogo. Udongo uwe na ubichi, usiwe tope."

"Nipande wapi?"

"Pale Lusenge alipopima kwako."

Kasika alimtazama. Kisha akajaza mikono. Kesho yake walikuja wanawake wengine. Walikuwa wale ambao mashamba yao yalikuwa yamepitiwa na kamba ya Lusenge, au ya tajiri mwingine. Rundo likaisha.

Wiki zikapita. Miti ilikaa vilevile, kimya, bila jani hata moja. Siméon alianza kuikwepa kwa macho. Siku moja Lusenge alisimamisha gari lake barabarani, akateremsha kioo.

"Shemeki, wasingya, aksanti," akasema. "Umenifanyia kazi. Sasa sitakata, nitang'oa tu."

Vagheni alikwaruza ganda la mti kwa ukucha. Chini yake palikuwa na kijani kibichi.

"Haijakufa. Inalala. Ulishaona mutu analala ukamzika?"

"Assomption iko mbali," Lusenge akajibu. "Lakini inatembea."

Ukweli ni kwamba Vagheni aliogopa. Alikuwa ametoa neno mbele ya watu. Eucalyptus ikipandwa pale, wao wangelima wapi? Kule Kasugho, kwenye mashamba ya msituni, kaka yake alikwisha kukimbia na kurudi, kukimbia na kurudi, kwa sababu ya vita. Shamba hili lilikuwa ndilo la kubaki. Lakini hofu yake hakumpa mtu aibebe. Alipanda mlima, akakwaruza ganda, akaona kijani, akashuka.

Mvua ya Machi ilifika kwa kishindo. Siku chache baadaye Jemima alirudi nyumbani akikimbia, viatu mkononi.

"Mama, macho inafunguka."

Yalifunguka kweli. Matawi mapya yalitoka, mafupi na manene. Na pembeni ya kila jani jipya palikuwa na kitu kidogo cha mviringo, kigumu, kama kifungo cha shati. Vagheni alivitazama bila kugusa. Safari hii havikuanguka.

Habari zilimfikia Abdias. Jumamosi alikuja mwenyewe akihema, na kikapu cha mbolea mabegani.

"Sasa, Mama Jemima. Sasa ndio tuitie nguvu."

Vagheni alilaza jembe njiani mbele yake. "Papa katekista, tua hapo hapo."

"Unapinga Injili?"

"Injili iliomba mwaka mmoja. Ninyi mumenichimbisha miaka yote. Rudi usome."

Abdias alifungua mfuko, akatoa Biblia yake, akavaa miwani. Alisoma kimya, midomo ikitembea. Kisha akavua miwani.

"Kweli," akasema. "Imeandikwa mwaka mmoja."

"Basi. Nipe robo ya hicho kikapu, ile iliyooza vizuri. Nayo naitia kwa mbali na shina. Mbolea mbichi inaleta majani tu. Ile nyingine peleka kwa mboga yako."

Alifanya kama Simone alivyomwambia. Mbolea ilikuwa kidogo. Majivu ya jikoni aliyanyunyiza kidogo pia. Juu ya udongo alitandaza majani makavu ya mgomba, ili mvua itakapokatika ardhi isikauke ghafla. Tini ikikosa maji kwa ghafla inaangushwa na mti. Jani lililoonyesha kutu lilitolewa siku hiyo hiyo.

Mwezi wa sita Jemima hakuvumilia. Alichuma tini kubwa ya kijani, akauma. Midomo ikawaka moto kwa maziwa.

"Itaivia kwa kikapu," akajitetea, akinawa.

"Hii si avoka," Simone alimwambia alipopita. "Tini haiivi kwa kikapu. Ukiitoa mbichi, inakufa mbichi. Ingojee ilegeze shingo, iinamishe kichwa kama mutu anasinzia kanisani. Ukiigusa iwe laini, na isitoe maziwa. Hapo chuma."

Ndege hawakuhitaji kufundishwa. Walijua siku kamili. Basi Vagheni na Siméon walifunga tini moja moja kwa jani kavu la mgomba, kama watu wanaofunga chikwangue, mkate wa muhogo. Siméon alifunga kwa vidole vyake vinene, polepole. Tini moja ilikuwa imeiva zaidi. Aliichuma, akaipasua, akampa mke wake nusu. Ndani ilikuwa nyekundu na tamu kama asali.

Siméon alitafuna muda mrefu. "Miaka yote hii," akasema.

Assomption ilifika. Watu walienda misa, wakaimba, wakala; Lusenge hakupanda kuangalia shamba. Kesho yake, jua likichomoza, msumeno wa moteur ulisikika ukijaribiwa kule barabarani. Lusenge alipanda na vijana wake wawili. Nyuma yao walipanda watu, kwa sababu neno lililotolewa mbele ya watu linarudi mbele ya watu.

Vagheni alikuwa amefungua majani ya mgomba. Tini ziliinama kwenye kila tawi, za zambarau, nyingine zimepasuka kidogo kwa utamu. Alichuma moja, akaiweka kwenye kiganja cha shemeji yake.

"Salade," akasema.

Lusenge aliila. Watu wote walitazama taya lake. Alimeza, akapangusa vidole kwa leso.

"Ni tamu," akasema. "Lakini ni kidogo. Mbao ni mbao. Na udongo ni wa ukoo, tini zako haziufanyi udongo kuwa wako." Akamwashiria kijana. "Anza na huu wa mwisho."

Kijana aliinamia msumeno. Hapo Siméon aliweka jembe chini. Alitembea mpaka kwenye mti, akasimama mbele yake, mgongo ukigusa matawi.

"Mukubwa," akasema, "hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana yote."

Lusenge alimtazama mdogo wake kana kwamba kiti kimesema. "Unajua unasema na nani?"

"Na mukubwa wangu. Juu ya hiyo nilinyamaza mara nyingi. Ulisema mpaka Assomption, ukiona tini utanyamaza. Umeona. Umekula. Sasa ni zamu yako kunyamaza."

Hakuna aliyecheka. Kijana wa msumeno aliiweka mashine chini, akajifanya anakaza kofia. Jemima alimpelekea tini. Akaila.

"Nitaanzia kwingine," Lusenge akasema. "Kwa Kasika."

"Kuja," Kasika alijibu kutoka shamba lake, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka. "Na huku mitini iko."

Lusenge aligeuka. Kwenye kingo za shamba la Kasika vilisimama vijiti vyenye majani mapya, mstari mzima. Vilisimama pia kwenye shamba la juu yake, na la kushoto, na kule alikopima tajiri mwingine. Vilikuwa vidogo bado, lakini vilikuwa vingi, na pembeni ya kila mstari alisimama mtu mwenye jembe.

"Yote hii imetoka wapi?"

"Kwa yale matawi," Vagheni akasema. "Yale niliyokata, ukasema nimekufanyia kazi."

Lusenge alishuka mlima, na vijana wakamfuata na msumeno wao kimya. Vagheni alimwita kwa nyuma.

"Shemeki. Januari tunavua majani. Kuja na mikono, kamba iache."

Tini za mwaka ule ziliuzwa soko la Butembo. Zilichumwa alfajiri na kupangwa safu moja tu kwenye kikapu, zisipondane. Zilizolegea sana masœurs walizipika confiture, jamu ya mkate. Nyingine zilianikwa juani juu ya chujio, zikafunikwa kitambaa cha kuzuia nzi, zikateremshwa Beni kwa gari la mizigo bila kuharibika. Chini ya shamba la Kasika chemchemi haijarudi bado. Eucalyptus ya Lusenge iko palepale juu yake. Lakini Kasika na majirani wamekwisha kwenda kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa, kuiongelea, na Siméon alikwenda nao.

Januari ilipofika tena, mlima ulibaki uchi kutoka juu mpaka barabarani. Kwenye kila shamba watu walikuwa wamevaa mikono mirefu, wanavua majani, wanakata, wanachoma yenye kutu, wanagawana matawi. Motard mmoja aliyetoka Beni alisimamisha pikipiki yake, akatazama miti ile yote bila jani, akashangaa.

"Mama, huu mlima umepatwa na ugonjwa gani?"

Vagheni alinyoosha mgongo, makasi mkononi.

"Hapana ugonjwa," akasema. "Inalala. Zima moteur yako kidogo."

"Na ninyi wote munafanya nini hapa?"

"Sisi tuko macho."